Titi la Kushoto na Moyo Wako

Leo hatuna liwa wala singo, tuvumilieni.

Tulivuka kwenda bara kwa harusi ya Zinga, pale kwenye barabara ya Bagamoyo. Hina ikipakwa uani, mazungumzo yakaangukia kwa mama mmoja jirani aliyefanyiwa upasuaji wa saratani, titi la kushoto. Ameandikiwa mionzi, na hataki kwenda. Kaambiwa mionzi ya kushoto inaunguza moyo. Wengi pale uani wakasema ana haki: afadhali abaki na Mungu wake kuliko akafe kwa moyo.

Sisi tunaona maneno hayo ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoua.

Ni kweli moyo umelalia upande wa kushoto, na mmoja katika mishipa yake mikubwa unapita mbele, karibu na mbavu. Mionzi ikielekezwa kwenye titi la kushoto, moyo hupata sehemu yake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi ya titi kati ya mwaka 1958 na 2001. Mionzi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa grei. Kwa wastani moyo ulipata kama grei 6.6 kwa wenye saratani ya kushoto na 2.9 kwa wa kulia, na kila grei moja iliongeza hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo kwa takriban asilimia 7. Hatari hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka mitano na ikaendelea kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo wanawake wa uani hawakutunga.

Lakini asilimia 7 ya nini? Hapo ndipo maneno ya uani yanapokatikia. Watafiti hao hao walikadiria hivi: chukua wanawake 1,000 wa miaka 50 wasio na presha, kisukari wala tatizo jingine la moyo. Bila mionzi, 19 watafariki kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kufika miaka 80. Moyo ukipata grei 3, watakuwa 24. Watano zaidi katika elfu.

Sasa tazama upande wa pili. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya wanawake 10,801 waliotolewa uvimbe na kuachiwa titi ulionyesha kuwa bila mionzi, saratani iliwarudia 35 katika kila 100 ndani ya miaka kumi. Waliopata mionzi ilirudi kwa 19 hivi. Hao tunawahesabu katika mia, si katika elfu. Hata kama hesabu ya kila mwanamke inatofautiana na ya mwenziwe, hatuoni mizani hii inavyoweza kumwelekeza yule mama abaki nyumbani.

Linalotuudhi zaidi ni kwamba moyo una njia za kulindwa, na wanawake wetu hawaambiwi waulize. Njia moja haihitaji dawa yoyote: mgonjwa anavuta pumzi ndefu na kuizuia, kama anayetaka kupiga mbizi, na mionzi inapigwa wakati huo. Mapafu yakijaa, moyo unasogea mbali na ukuta wa kifua. Si kila kituo kina vifaa vya kuifanya kwa usalama, lakini mtaalamu anaweza pia kupanga pembe za mionzi na kuukinga moyo kwa namna nyingine. Mashine nazo zimebadilika. Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mashine za kobalti, ilianza kutumia mashine za kisasa zaidi mwaka 2018.

Basi ukikaa mbele ya daktari, uliza: moyo wangu utapata kiasi gani, na mtaulinda vipi? Si utovu wa adabu. Mweleze pia kama una presha au kisukari, maana hivyo peke yake vinauchosha moyo. Na kama uliwekewa ile dawa nyekundu ya dripu, nayo inaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo uliza kuhusu kupimwa moyo kwa ultrasaundi.

Tunajua lipo jambo jingine linalowarudisha wengi nyumbani, nalo ni kuvua nguo mbele ya wanaume. Omba mhudumu wa kike, omba shuka, ingia na dada yako hadi chumba cha kubadilishia nguo. Akikosekana mwanamke, hiyo ni dharura na masheikh wetu wameshaisemea sana. Hatukubali stara igeuzwe sababu ya kumzika mtu mapema.

Kutoka Zinga hadi Ocean Road ni safari ya kupita Bunju, Tegeta na Mwenge, siku tano kwa wiki, na tiba hupangwa kwa wiki kama tatu, pengine zaidi. Nauli ndiyo inayowashinda wengi. Waume na mashemeji waliochangia hina na mapambo wanaweza kuchangia hili, na sisi wa visiwani tunaolazimika kulipa boti na pa kulala tunalijua zaidi.

Kuna watakaosema haya hayamfai bi harusi. Tunapingana nao. Somo anayemfundisha mwari kujifukiza udi amfundishe pia kuyajua matiti yake, siku chache baada ya hedhi yanapokuwa laini, na akiona uvimbe aende hospitali wiki hiyo hiyo, bila kungoja ruhusa ya mtu.