Kipanya kiko Dar, mwenzake yuko Tanga

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Athumani Kilindo

Jumatatu usiku nilibishana kwa saa mbili na nusu na kitu kisichozidi kipande cha sabuni. Kompyuta mpakato ni mpya, bado inanukia boksi. Kipanya ni kile kile changu cha miaka mitatu, cha shilingi 15,000, kisicho na waya, ambacho hakijawahi kunikorofisha. Nakisukuma, mshale kwenye kioo haujongei. Nikabadili betri. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Nikakipigapiga mezani kama marehemu baba alivyokuwa akiipiga redio ikikoroma.

Chini yake taa nyekundu ilikuwa inawaka vizuri tu, na hiyo ndiyo iliyonipoteza. Nilidhani kikiwaka basi kimeungana. Kumbe taa ile ni ya kumulikia meza, ili kipanya kijue kinasogezwa upande gani. Ingewaka hivyo hivyo hata kama mtaa mzima hauna kompyuta.

Nikaingia kwenye mipangilio, upande wa Bluetooth, nikaamuru kompyuta itafute. Ikaniletea televisheni ya jirani, spika ya sijui nani na simu yangu mwenyewe. Kipanya hakimo. Nikarudia mara sita, kila mara nikikaza macho zaidi, kana kwamba kukodoa kungesaidia.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa kijana mmoja anayetengeneza simu na kompyuta. Hakuwa na haja hata ya kuwasha kitu. Alikigeuza kipanya, akafungua kifuniko cha betri, akachungulia, kisha akaniuliza: “Mzee, risiva yake iko wapi?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba usiku mzima nilikuwa namtafuta mgeni pasipo pake. Vipanya visivyo na waya ni vya aina mbili, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Aina ya kwanza hutumia Bluetooth iliyomo tayari ndani ya kompyuta. Aina ya pili huja na kidude chake cha USB, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, ambacho mafundi wetu wanakiita risiva. Zote mbili husafiri katika masafa yale yale ya redio, ya gigahezi 2.4, lakini hazisikilizani. Kukitafuta kipanya cha risiva kwenye orodha ya Bluetooth ni kwenda bandarini kumpokea mtu anayekuja kwa basi. Utasimama hapo hadi meli ya mwisho.

Tena risiva na kipanya chake hujulishana kiwandani, kabla hata ya kufungwa kwenye boksi. Ukichomeka risiva ya kipanya kingine, hata kama vinafanana kama mapacha, kwa kawaida hupati kitu. Ndiyo maana wenye akili huihifadhi risiva mle mle kwenye tumbo la kipanya, kando ya betri, palipotengenezwa kijishimo chake. Mimi sikuwahi kuitoa kwenye kompyuta yangu ya zamani. Na kompyuta yangu ya zamani, Jumapili mbili zilizopita, nilimpa mpwa wangu anayesoma Tanga.

Nikampigia.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hebu angalia ubavuni mwa hiyo kompyuta, hakuna kidude cheusi kimechomekwa?”

“Kipo mjomba. Nilidhani ni kifuniko cha tundu, cha kuzuia vumbi.”

Risiva ikasafiri kwa basi ndani ya bahasha ya kaki, shilingi 5,000 za mzigo kwa kitu chepesi kuliko punje ya korosho. Alhamisi naipokea, nakaa mezani kwa furaha, nageuza kompyuta mpya kulia, nageuza kushoto. Hakuna pa kuichomeka. Matundu yote ni yale madogo ya Type-C, wala sikuwa nimeyatazama dukani. Nilikuwa nahangaika na bei. Nikarudi Aggrey. Adapta, shilingi 10,000. Ukijumlisha na nauli ya bahasha, nimelipa bei ya kipanya kingine kizima ili hiki cha zamani kiongee na kompyuta niliyoinunua kwa fedha zangu.

Sina ugomvi na Type-C. Kuchaji simu na kompyuta kwa waya mmoja ni raha, na yeyote aliyewahi kuchomeka USB ya zamani, ikagoma, akaigeuza, ikagoma tena, akairudisha alivyoanza ikaingia, anajua tumeepushwa na nini. Ninachogombea ni nani analipia mabadiliko. Apple walipotoa MacBook yenye tundu moja tu la aina hiyo mwaka 2015, la kuchajia na la kila kitu kingine, wengi walicheka. Siku hizi ukitafuta kompyuta nyembamba ya kampuni yoyote ile, hesabu matundu yake kabla hujafungua pochi. Wembamba ule una gharama, na gharama hiyo imehamishiwa kwenye mfuko wa mnunuzi, kwa jina la adapta.

Na hili la kipanya kufa kwa kupotelewa na ukucha wake, nalo si amri ya Mungu. Mwaka 2009 Logitech walileta risiva waliyoiita Unifying, inayohudumia vifaa hadi sita, na ikipotea unanunua nyingine na kuitambulisha kwa kipanya chako kwa programu ndogo. Kwa hiyo inawezekana. Vipanya vya bei yetu, vya elfu kumi na elfu kumi na tano, vingi havina njia hiyo. Risiva ikidondoka kwenye daladala, kipanya kizima chenye afya kinakwenda jalalani.

Nawatendea haki: ndoa hiyo ya kiwandani ina wema wake. Unachomeka, unafanya kazi, bila kuingia kwenye mipangilio yoyote. Mama mkwe wangu anaweza. Bluetooth haiko hivyo. Jirani yangu mwalimu alinunua kompyuta mpya, naye ana kipanya cha Bluetooth, naye kilimgomea. Akawa anakisugua mezani kwa hasira, mara mwanawe akapiga kelele chumba cha pili kwamba kompyuta imeingiwa na jini, mshale unakimbia wenyewe. Kipanya kilikuwa bado kinaitambua kompyuta ya zamani, aliyokwisha kumpa mtoto, na ukuta mmoja haukukizuia. Dawa yake ilikuwa kuzima Bluetooth kwa mtoto, kisha kubonyeza kile kitufe kidogo cha chini kwa sekunde kadhaa hadi taa ianze kumeta haraka. Hapo ndipo kompyuta mpya ilipokiona. Mtoto bado hajaamini.

Ninachokitaka kwa wauzaji ni kidogo. Mteja akiomba kipanya kisicho na waya, aulizwe: cha Bluetooth au cha risiva? Na kompyuta yako ina matundu gani? Nimepita maduka manne juzi nikijifanya mnunuzi. Rangi nimeulizwa kote. Matundu, hakuna aliyeuliza.

Changu sasa kinafanya kazi, isipokuwa Ijumaa kilianza kurukaruka kama panzi. Nikampigia yule kijana wa Aggrey. Akaniuliza kama nimechomeka diski ya nje karibu na risiva. Nilikuwa nimeichomeka, tundu la jirani kabisa. Intel wenyewe waliandika mwaka 2012 kwamba USB 3.0 ikipitisha data hutoa kelele ya redio inayogusa masafa hayo hayo ya 2.4, na risiva iliyo pembeni inashindwa kumsikia mwenzake. Nikaihamishia diski upande wa pili, panzi akatulia.

Nilikuwa katika aya hii simu ikaita. Mpwa wangu wa Tanga.

“Mjomba, sasa lile tundu limebaki wazi. Nilizibe na nini?”