Kitabu cha Picha si Mchezo

Wako wanaodai kuwa kitabu cha picha ni kichezeo tu. Sisi twakataa. Mtoto wa Uluguru anayeonyeshwa theluji na matufaha, asiuone kamwe kitabuni Mto Ruvu uanziao milimani kwao, hufundishwa kupadharau kwao. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umewahimiza waandishi na wachoraji wetu. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi walimu. Tukifungue kitabu, kisha tuwapeleke watoto kijitoni. Hapo wataelewa kwamba afyekaye msitu wa chemchemi kule Matombo huutia tope mtungi wa ndugu asiyemjua, hata aliye Dar es Salaam anywaye maji ya Ruvu. Utu hufunzwa hivyo, wala si kwa kukaririshwa.