Mpe ndugu yako kivuli

Njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba inapita mahali penye jina ambalo kila Mkristo analitamani: Mbingu. Reli ya TAZARA inapita hapo, mpunga unalimwa, na milima ya Udzungwa imesimama kwa nyuma. Mvua zikishanyesha, kando ya reli na kwenye kingo za majaruba huchanua maua ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Ni maua ya kondeni, ya aina ile ambayo Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake wayatazame ili wapone wasiwasi wa chakula na mavazi (Mathayo 6:28). Siku hizi tunayatazama kwa kuyapiga picha na simu.

Lakini jaribu kupiga picha ua jeupe saa saba mchana. Jua la bonde la Kilombero halina mzaha. Kwa macho yako ua linapendeza. Kwenye picha limekuwa doa jeupe tu. Mikunjo ya petali haionekani, chavua haionekani, na chini yake pameanguka weusi mtupu. Kamera haikukosa mwanga, ilipata mwanga kupita kiasi. Na pale weupe ulipomeza kila kitu, hata ukiipunguzia picha mwanga baadaye, ua halirudi, kwa maana kamera haikupokea chochote cha kurudisha.

Wapiga picha wenye uzoefu wanajua la kufanya. Wakiweza, husubiri asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, au husubiri wingu lipite. Wasipoweza kusubiri, hupiga magoti mpaka usawa wa ua, wakalipa jua mgongo ili kivuli chao kiliangukie ua, au mwenzao hushika mwavuli au kanga juu yake. Hapo rangi inarudi. Ua ni lile lile na jua ni lile lile. Kilichoongezeka ni mtu aliyekubali kuungua mgongo ili ua lionekane.

Sasa tujiulize sisi wa kanisani: ndugu yetu akianguka, tunamtazamaje? Binti wa kwaya amepata ujauzito kabla ya ndoa. Mama yake hajapata hata la kusema, na habari imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, picha yake imo. Tunasema tunaweka mambo nuruni. Huenda kila neno tulilolituma ni kweli, lakini binti mwenyewe hatumwoni tena. Hatumwoni aliyemuuguza bibi yake mwaka mzima, wala aliyewafundisha watoto wa Shule ya Jumapili. Hofu yake hatuioni. Tunaona doa moja.

Katika Yohana 8, walimleta mwanamke hekaluni asubuhi, wakamsimamisha katikati, mbele ya watu wote. Kosa lake hawakulizua. Yesu akafanya nini? Aliinama, akaandika chini kwa kidole. Akajiweka kati ya mwanamke yule na mawe yao. Washitaki walipokwisha kuondoka mmoja mmoja, ndipo akasema naye, akamwambia aende asitende dhambi tena. Hakuipa dhambi jina lingine. Alianza na kivuli, kisha akasema kweli kwa sauti ambayo mwanamke yule angeweza kuisikia. Ndiyo njia aliyotuachia katika Mathayo 18:15: ndugu akikukosea, mwendee kwanza mkiwa wawili tu.

Mtu atauliza: je, huko si kuficha maovu? Swali hilo ni la haki, kwa sababu tumewahi kuyaficha. Lakini kivuli si giza. Gizani picha haitoki kabisa. Anayemdhuru mtoto, anayempiga mkewe, anayekula sadaka, akifichwa ili jina la kanisa lisichafuke, hapo hatujampa mtu kivuli. Tumemfungia aliyeumizwa gizani. Mambo hayo yapelekwe polisi, ustawi wa jamii na kwa wakaguzi. Hata huko, wa kwanza kukingwa ni aliyeumizwa, jina lake lisitembee kwenye simu za waumini. Kipimo chake ni chepesi: kivuli hutusaidia kuona zaidi, giza hutuzuia kuona.

Mtunga Zaburi aliishi katika nchi ya jua kali kama letu. Ndiyo maana katika Zaburi ya 121 anamwita Bwana uvuli mkono wetu wa kuume, asiyeacha jua litupige mchana. Jiulize wewe umekingwa mara ngapi. Ni mangapi Mungu anayajua juu yako, ambayo hakuyaanika mbele ya majirani?

Basi leo, ukitoka ibadani, ukiona ujumbe unaomhusu mtu aliyeanguka, usiupeleke mbele. Ufute. Kisha mwendee mwenyewe, jioni jua likiwa limepoa, ukae naye mkekani, umsikilize kabla hujamshauri. Huenda mgongo wako ukaungua kidogo, watu wakasema unamtetea mkosaji. Walimsema hivyo hivyo Bwana wako.

Jumapili njema.