Majoho mbele ya Ikulu

Kila Oktoba 14 inapokaribia, redio zetu hufungua kabati la hotuba za Mwalimu Nyerere. Sauti ile nyembamba kidogo, kicheko kile cha ghafla, kusita kabla ya neno ambalo amekwisha kulichagua. Mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Nampenda mzee yule, na yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye mapenzi hayo.

Lakini namna tunavyompenda imeanza kunitia hofu. Ukitaja kosa lake moja mbele ya watu, unatazamwa kama aliyemtukania mtu baba yake. Kanisa Katoliki lina utaratibu wake. Tangu 2005 linamwita Mtumishi wa Mungu, na hilo ni la imani, sina neno nalo. Katika siasa hatukungoja utaratibu wowote. Tumekwisha kumtangaza mtakatifu wenyewe.

Chukua siku moja tu, Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara wakiwa huko. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Akakiri kwamba mishahara ya wakubwa wa nchi hii, pamoja na wa kwake, ilikuwa mikubwa mno, na palepale akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Halafu akawafukuza. Vijana karibu 400 wakarudishwa makwao.

Sijui mtu atazitenganisha vipi dakika zile. Kiongozi aliyejipunguzia mshahara hadharani ndiye aliyewafungia chuo mamia ya vijana kwa sababu walithubutu kusema, na hasira ilikuwa moja. Wengi walikuja kuruhusiwa kurudi. Miezi mitatu na nusu baadaye likaja Azimio la Arusha, viongozi wakakatazwa mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Naamini majoho yale yalikuwa bado yanamkaa kichwani.

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni chini ya mwembe, baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuchovya kidole gumba kwenye wino. Nikiwa mdogo nilimshuhudia akitia saini: kalamu ameishika kama mwiko, midomo ameibana, herufi moja, anapumzika, herufi nyingine. Akimaliza aliitazama kazi yake kwanza ndipo airudishe karatasi. Aliyemfikisha bibi yangu hapo hawezi kuwa mtu mdogo kwangu.

Na ndiye aliyetangaza, Novemba 1973, kwamba hadi mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji ni amri. Miaka michache nyuma alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ujamaa haulazimishwi. Wakuu wa mikoa na wilaya wakaanza kukimbizana na tarehe. Watu walipakiwa kwenye malori na vyombo vyao, na kwingine nyumba zikatiwa moto ili wasipate pa kurudi. Mashamba yakabaki mbali, ukame nao ukaja, nchi ikaagiza nafaka kutoka nje. Mahame yapo hadi leo. Unapita porini unakuta miembe imejipanga, mafiga matatu, na hakuna mtu.

Nadhani vyote viwili vilitoka kwenye ualimu wake. Aliona mwanafunzi anaweza kufika wapi kabla mwanafunzi hajaona, na mara nyingine akachoka kumngoja.

Wapo pia waliotembea naye bega kwa bega. Bibi Titi Mohamed ndiye aliyewatoa wanawake wa Dar es Salaam kwenye vikundi vyao vya ngoma mwaka 1955 akawaingiza katika chama cha TANU kwa maelfu. Baada ya Azimio akajitoa uongozini. 1970 akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 Mwalimu akamwachia huru. Mahakama ilisema yake na sina nia ya kuifungua kesi. Kinachoniuma ni kimya kilichofuata. Mimi nilimaliza shule ya msingi bila kulisikia jina la mama huyu katika somo lolote, na wimbo wa Uhuru tulikuwa tukiimba kila asubuhi.

Kinachonirudisha kwa Mwalimu kila mara ni kwamba alikuwa na uwezo wa kusema nilikosea. Mwaka 1984, angali Rais, aliulizwa angebadili nini kama angeanza upya. Akataja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika, vile ambavyo wakulima walivijenga wenyewe tangu ukoloni. Akakubali kwamba yalikuwa makosa. Mwaka uliofuata akang'atuka, neno la Kizanaki alilotuzoesha hadi likawa letu. Mtu wa namna hiyo tunamlinda na nini?

Mwaka huu natamani redio zikishacheza hotuba ziwatafute na wazee waliopakiwa kwenye malori, na waliovaa majoho siku ile, ambao sasa wana miaka themanini na ushee. Waulizwe wangali hai. Bibi yangu hayupo tena. Daftari lake la kisomo ninalo, mchwa wamelila pembeni, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika jina lake mara kumi na moja.