Tulipie siku tulizopata mtandao, si siku za kalenda

Jumatatu moja, saa mbili usiku, wakala wangu wa forodha alinipigia simu kutoka Malaba. Lori lenye beseni na ndoo za plastiki kutoka Nairobi lilikuwa limefika, lakini jumla kwenye ankara haikulingana na ile ya cheti cha uasili wa bidhaa. Kasoro hiyo ikibaki, mzigo ungeweza kutozwa ushuru kama umetoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muuzaji alinitumia ankara iliyosahihishwa papo hapo. Kazi yangu ilikuwa kuipitia, kuigonga muhuri na kumtumia wakala.

Nyumbani kwangu Kireka, taa ya kisanduku cha intaneti ilikuwa nyekundu.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nikaambiwa nizime na kuwasha. Nikazima, nikawasha. Nikaambiwa fundi atakuja kesho. Nilinunua data ya simu, lakini nyumba yangu iko bondeni, mawimbi ni hafifu, na faili iligoma mara tatu. Alfajiri nikapanda boda boda hadi Kikuubo nikaituma kutoka dukani kwa jirani. Lori lilikuwa limeshalala mpakani, na posho ya dereva kwa siku hiyo ikawa juu yangu.

Fundi alifika Ijumaa. Waya ulikuwa umekatwa karibu na nguzo, mahali palipochimbwa mtaro. Kazi yake haikumaliza saa moja. Nilipoomba siku zangu tano ziongezwe kwenye kifurushi cha mwezi, nilijibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Kifurushi kikaisha tarehe ileile.

Wafanyabiashara wenzangu, hebu tulipime jambo hili kwa mizani yetu. Ukilipia magunia 30 ya mchele kutoka Mutukula yakafika 25, je, utakubali kuambiwa kwamba mfumo hauruhusu kurudisha matano? Intaneti ya nyumbani tunailipia kabla ya kuitumia, na anayeuza ndiye anayeshika mizani peke yake. Akipunja, hakuna anayempimia tena.

Kampuni zina utetezi wao, na una ukweli ndani yake. Waya hukatwa na wachimba mitaro na wezi. Hitilafu nyingine hutoka mbali zaidi. Uganda haina bahari, hivyo mtandao wetu hupitia mikongo inayofika pwani ya Kenya na Tanzania, kisha huja bara kama mizigo yetu ijavyo. Mwezi Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilidorora kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Kampala na Kigali. Hakuna kampuni ya Kampala iliyosababisha hilo.

Lakini swali langu si nani aliyekata waya. Swali ni nani anabeba hasara. Mzigo wangu wa maharage ukilowa njiani kabla ya kufika Busia, mnunuzi wa Kenya hanilipi kwa sababu mvua si kosa langu. Hasara ni yangu, na kwa hiyo nanunua turubai zuri. Kampuni ya intaneti ikijua kwamba kila siku ya giza inapunguza mapato yake, fundi hatachukua siku nne kufika. Ikijua kwamba mteja analipa hata hivyo, haraka ya nini?

Serikali nayo inahusika. Tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 12, mbali na VAT ya asilimia 18. Mteja asiporudishiwa siku alizokosa, kodi ya siku hizo nayo imekwenda.

Nini kifanyike? Kwanza, sisi wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandao ukikatika, andika saa, piga picha ya taa ya kisanduku, dai namba ya malalamiko, na uandike jina la aliyekupokea. Ukirudi, andika saa hiyo pia. Kisha dai siku zako kwa maandishi, si kwa simu. Ukikataliwa, peleka daftari lako kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inaipa Tume hiyo kazi ya kupokea na kuchunguza malalamiko kuhusu huduma za mawasiliano. Barua moja inaweza kukaa mezani. Barua 100 kutoka Kikuubo ni jambo jingine.

Pili, UCC iweke kanuni nyepesi: hitilafu ikipita saa 24 baada ya kuripotiwa, siku zilizopotea ziongezwe kwenye kifurushi bila mteja kuomba. Kampuni inaona kwenye mitambo yake laini ipi imekufa. Kama mfumo unaweza kukata huduma dakika ileile kifurushi kinapoisha, unaweza pia kuhesabu siku tano.

Tatu, kanuni hiyo isiishie Malaba. Wadhibiti wa nchi zetu hukutana katika Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, lenye makao Kigali. Wakubaliane kipimo kimoja, ili mfanyabiashara wa Kampala, wa Kisumu na wa Mwanza wawe na haki moja waya unapokatika. Tumekubaliana cheti cha uasili wa bidhaa kitambulike pande zote za mpaka. Siku ya mtandao iliyolipiwa nayo ni bidhaa, na isipofika, fedha zake zirudi kwa mnunuzi.