BARUA YA BWANA SHAMBA: Mikono Iliyodaka Matofali



Mwezi huu tuweke jembe pembeni. Nataka kukusimulia habari za Jerry Rice, mtoto wa fundi mwashi wa Marekani. Kazi yake ilikuwa kudaka mpira. Kazi hiyo ilimlisha kwa miaka 20.

Usifikiri ni mpira wetu huu. Wamarekani wana mpira wao. Umechongoka pande mbili, kama papai dogo. Wachezaji ni 11 kila upande, na mpira hushikwa kwa mikono. Mrushaji husimama nyuma na kuurusha mbali. Mdakaji hukimbia mbele, huudaka, kisha hukimbia nao mpaka ng'ambo ya mstari wa mwisho. Akifika, timu yake inapata pointi 6. Lakini wapinzani wanaruhusiwa kumkamata na kumbwaga chini. Ni mchezo wa kuumizana, wala mimi siusifu kwa hilo.

Rice alizaliwa mwaka 1962 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alikulia shamba, karibu na mji mdogo wa Crawford. Nyumbani walikuwa watoto wanane. Baba yao alijenga nyumba za watu kwa matofali. Shule zikifungwa, wanawe walikwenda kumsaidia juani. Jerry alisimama juu ya jukwaa. Ndugu zake walimrushia matofali kutoka chini, naye aliyadaka. Wewe uliyewahi kujenga unajua: tofali halina huruma. Ukilidaka vibaya linachubua vidole. Rice mwenyewe amesema kwamba mikono yake ilifunzwa pale.

Mpira wenyewe aliuanza kwa sababu ya utoro! Siku moja alitoroka darasani. Mwalimu mkuu msaidizi alimtokea kwa nyuma. Kijana alichomoka mbio kama swala. Baadaye alikamatwa akaadhibiwa, lakini mwalimu alikwenda pia kumwambia kocha wa shule mbio alizoziona.

Vyuo vikubwa havikumchukua. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo kilichojengwa kwa ajili ya watu weusi huko Itta Bena, nchi ya mashamba ya pamba. Mrushaji wake pale alikuwa Willie Totten. Mwaka 1984 peke yake, Rice alidaka na kufikisha mpira ng'ambo ya mstari mara 27.

Kule Marekani vilabu huchagua vijana wapya kwa zamu kila mwaka. Mwaka 1985 vijana 15 walichaguliwa kabla yake, na wawili kati yao walikuwa wadakaji. Walimpima mbio kwa saa, wakasema hana kasi ya kutosha. Klabu ya San Francisco 49ers ndiyo iliyomchukua.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mipira ilimponyoka mikononi, na watazamaji wa nyumbani wakamzomea. Mikono ilikuwa ile ile ya matofali. Shida ilikuwa kichwani. Katika klabu kubwa kila shambulio hupangwa kabla. Mdakaji anaambiwa: kimbia hatua kadhaa, kisha kata kulia. Mrushaji huachia mpira kabla mwenzake hajageuka. Ukikosea hatua moja, mpira unapita. Rice alikuwa akiwaza hatua na huku mpira umeshafika. Alikaza mazoezi. Mwezi Desemba mwaka huo huo, katika mchezo mmoja, alidaka mipira 10.

Tangu hapo hakuacha. Kila alipodaka mpira mazoezini, alikimbia nao mpaka mstari wa mwisho, hata kama hakuna anayemfukuza. Wenzake walipokuwa likizo, yeye alipanda mbio kilima kimoja huko San Carlos, njia ya kilomita 4. Wachezaji wengine walikuja kujaribu naye wakashindwa.

Januari 1989 walicheza fainali kuu, iitwayo Super Bowl, na timu ya Cincinnati. Zilibaki dakika 3 hivi. San Francisco walikuwa nyuma, 13 kwa 16, na mpira ulikuwa karibu na mstari wao wenyewe. Walikuwa na mita 84 za kwenda. Katika safari ile Rice alidaka mipira mitatu ya mrushaji Joe Montana. Mpira wa mwisho alidaka John Taylor, wakashinda 20 kwa 16. Rice alitajwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Mwaka 1997 goti lake lilichanika. Alirudi uwanjani baada ya miezi mitatu na nusu, na siku hiyo hiyo akavunjika kifuniko cha goti. Hapo namlaumu. Hata ng'ombe wa kulima aliyeumia mguu hafungwi nira mapema hivyo. Hata hivyo mwaka uliofuata alicheza tena, na msimu wake wa mwisho ulikuwa wa 2004, akiwa na miaka 42.

Ukijumlisha mwendo wote ambao timu zake zilisogea kwa mipira aliyodaka, unapata karibu kilomita 21. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, ana kilomita 16.

Na kile chuo cha Itta Bena? Kiwanja chake kinaitwa Rice-Totten, kwa majina ya mdakaji na mrushaji wake.