Kabla ya Kumsaidia, Tumuulize



Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu mjomba wangu. Yeye ni fundi wa kuezeka. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka juu ya paa akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haina nguvu. Nilifika na ari yote ya kifrateri. Asubuhi nilimwogesha, nikamvalisha shati na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Mchana nilimega ugali, nikachovya kwenye mchuzi na kumpelekea mdomoni. Siku ya tatu akaushika mkono wangu, akasema kwa upole, "Mjomba, kilicholala ni miguu. Mikono hii bado inashika nyundo."

Niliona aibu. Kwa siku tatu nilikuwa nimemfanyia mambo anayoyaweza mwenyewe, na yale anayoyahitaji kweli sikuyajua, kwa sababu sikumuuliza. Ndiyo maana naandika. Naamini Wakristo wengi tuna moyo wa kuwasaidia watu wenye ulemavu, lakini tunaanza na tunachotaka kutoa sisi, kabla ya kusikia wanachohitaji wao.

Nilipomuuliza, mjomba alikuwa na majibu tayari. Anahitaji mtu wa kumshika anapohama kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo. Usiku anahitaji kusaidiwa kugeuka kila baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa chini ya kiuno hahisi maumivu, na ngozi ikikandamizwa muda mrefu hupata vidonda vya kulalia. Asubuhi mtu amkague mgongo na visigino, sehemu asizoweza kuziona. Maji ya kuoga na sabuni viwekwe mahali mkono wake unapofika. Kuoga, kunyoa, kuvaa shati na kula ataendelea mwenyewe, hata kama anachukua muda mrefu kuliko mimi.

Mahitaji ya mwingine ni tofauti kabisa. Asiyeona anaweza kupika vizuri jikoni kwake, mradi tusihamishe chumvi na kisu bila kumwambia. Njiani, afadhali ashike kiwiko chako kuliko wewe kumvuta mkono. Mwenye ulemavu wa akili pengine ana nguvu za kufua na kufagia, ila anahitaji kazi igawanywe hatua kwa hatua na mtu wa kumkumbusha bila kumkaripia. Ambaye mikono yake inatetemeka huenda akatosheka na kikombe chenye mishikio miwili. Wapo pia wanaohitaji kufanyiwa karibu kila kitu: kulishwa, kuogeshwa, kubadilishwa nguo. Hata hao wana la kuchagua: maji yawe ya moto au ya vuguvugu, wavae nguo ipi, na nani awaone wakiwa uchi.

Jambo hili la mwisho tunalisahau mno. Mtu anayetegemea mikono ya wengine hukosa faragha kwa urahisi sana. Asiyeona hulazimika kumtajia mtu namba ya siri ya simu ili atoe fedha zake. Kiziwi huenda zahanati na jirani, na mtaa mzima ukajua ugonjwa wake. Kanisa limelifikiria hili katika sakramenti ya Kitubio: Kanuni ya 990 inaruhusu muungamaji kutumia mkalimani, na Kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Ikiwa siri ya maungamo inalindwa hivyo, basi na siri za bafuni na chumbani za mtu tunayemsaidia zistahili kufungwa midomoni mwetu.

Katika masomo ya falsafa tunakutana na Aristotle. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anamsifu mtu mwenye moyo mkuu, anayependa kutenda fadhili lakini huona haya kuzipokea. Alasdair MacIntyre, mwanafalsafa Mkatoliki aliyejifunza mengi kwa Aristotle, alimpinga hapo katika kitabu chake cha mwaka 1999. Anasema sote huanza maisha tukiwa tegemezi, na wengi tutarudi huko kwa ugonjwa au uzee. Kwa hiyo kujua kupokea nako ni fadhila. Nikikumbuka siku zile tatu, naona kwamba nilitaka niwe mtoaji tu. Sikuwa tayari kupokea hata maelekezo kutoka kwa mtu aliyeketi kwenye kitimwendo.

Bwana wetu hakufanya hivyo. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, umati unamkemea Bartimayo kipofu anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, kisha anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu aliacha Bartimayo aseme mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba maparokia yetu ni maskini, na kwamba msaidizi wa kulipwa ni jambo la nchi tajiri. Ni kweli kwamba fedha ni chache. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unamtaja msaidizi binafsi katika kifungu cha 19. Serikali inapaswa kukumbushwa hilo. Zaidi ya hapo, kazi hii tayari inafanywa na mtu, ila hatumwoni. Nyumbani kwa mjomba inafanywa na binti yake wa kidato cha pili. Ndiye anayeamka usiku kumgeuza baba yake, kisha anasinzia darasani. Kina mama na wasichana ndio wanaobeba mzigo huu katika nyumba nyingi. Ndugu wa jumuiya walikuja kumwona mjomba wakaleta sukari na sabuni, wakasali, wakaondoka. Tunawashukuru. Lakini hakuna aliyemuuliza binti analala saa ngapi.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zina orodha za michango ya harusi na misiba. Zinaweza pia kuwa na zamu: nani atakuja Jumatano asubuhi, nani Jumamosi usiku ili binti alale. Mwenye ulemavu mwenyewe aseme anataka kusaidiwa nini na nani, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke pale inapohusu mwili, na awe na haki ya kukataa. VIWAWA wana nguvu, WAWATA wana uzoefu. Nasi mafrateri, kabla ya kupewa Daraja, tujifunze walau salamu za Lugha ya Alama.

Kabla sijarudi seminarini, tulitengeneza benchi na mshikio wa bafuni. Mjomba ndiye aliyetoa vipimo. Mara mbili alinikosoa namna ninavyoshika msumeno, na mwishowe akauchukua. Mimi nilishika mbao, yeye akapigilia misumari.